Chuma cha Kimondo cha Mbozi

Jiwe hili la tani zipatazo 16 ni chuma kwa takribani asilimia 90, na chuma hicho ni cha kale kuliko Jua. Ndani ya nyota kubwa, myeyungano wa kinyuklia huunganisha viini vya hidrojeni kuwa heli, kisha kaboni, oksijeni, hadi chuma; nyota ikilipuka, yote husambaa angani. Lakini je, elementi zote hazikuwepo tangu mwanzo? Hidrojeni ilikuwepo, ndiyo. Ila mwaka 1952 mwanaastronomia Paul Merrill alitambua tekineti katika mwanga wa nyota nyekundu zilizozeeka. Elementi hiyo huoza: hata aina yake inayodumu zaidi hupungua nusu kila miaka milioni 4 hivi, na nyota hizo zina umri mkubwa zaidi ya hapo kwa mbali. Basi zimeitengeneza zenyewe.