Paka, Sufu na Ujira: Ufumaji wa Nyumbani Uingereza na Uskoti

Ufumaji unaozungumziwa hapa ni ule wa sindano, ambao uzi mmoja huvutwa kuwa vitanzi vinavyoshikana safu juu ya safu, na hautumii kitanda cha mfumi wala hauna mtande na mshindio. Picha ya mwanamke aliyeketi sebuleni akifuma huku paka akilikimbiza bonge la sufu miguuni pake imezoeleka mno hata ikadhaniwa ni ya kale, ilhali ilipata umaarufu katika karne ya 19 tu. Kabla ya hapo, kwa muda usiopungua karne tatu, kufuma kulikuwa kazi ya ujira, na bonge hilo lilikuwa chakula cha nyumba.

Nchini Uingereza, katika karne ya 16, miji kama York na Lincoln ilifungua shule za kuwafundisha watoto wa maskini kufuma ili wasiwe mzigo kwa wenyeji. Soko la soksi ndefu lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1589 William Lee wa Nottinghamshire alibuni mashine ya kuzifuma. Hata hivyo mashine hiyo haikuwaondoa upesi wafumaji wa mikono, hasa katika sehemu za mbali, ambako kilimo hakikutosha kulisha familia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Shetland, visiwa vilivyo kaskazini ya Uskoti. Wanawake wa huko walijifunga kiunoni mkanda wa ngozi wenye kifuko kilichoshindiliwa singa za farasi na kutobolewa matundu. Ncha ya sindano ilichomekwa katika tundu mojawapo, uzito wa kazi ukabebwa na mkanda, na mfumaji akaweza kutembea na kapu la mboji ya kuwashia moto mgongoni bila mikono yake kusimama. Sufu bora, iliyonyofolewa shingoni mwa kondoo kwa vidole badala ya kukatwa, ilisokotwa nyembamba sana, na shali kubwa iliyofumwa kwa uzi huo iliweza kupitishwa katika pete ya ndoa. Malipo ya ustadi huo yalikuwa duni. Mwaka 1872 kamishna William Guthrie alikusanya ushahidi visiwani kuhusu desturi ya wafanyabiashara kulipa kwa bidhaa badala ya fedha, na ikadhihirika kwamba wafumaji wengi walipewa chai na vitambaa, au vikaratasi vya kuchukulia bidhaa katika duka lile lile, kisha wengine wakalazimika kuibadilisha chai hiyo kwa unga kwa majirani. Ni vigumu kuamini kwamba katika nyumba za namna hiyo paka, aliyefugwa ili awinde panya, angechekewa kwa kuuvuruga uzi.

Kicheko hicho kilihitaji nyumba zenye nafasi. Kuanzia miaka ya 1830 wanawake wa tabaka la kati walianza kufuma kwa kujiburudisha, wakitumia sufu laini za rangi kutoka Ujerumani na vitabu vya maelekezo kama vile vya Jane Gaugain wa Edinburgh na Frances Lambert wa London. Wakati huo huo hadhi ya paka ilikuwa ikipanda: mwaka 1871, miezi michache tu kabla ya uchunguzi wa Guthrie, Harrison Weir aliandaa maonyesho makubwa ya paka katika jumba la Crystal Palace, London. Wachoraji nao walilitambua soko. Henriëtte Ronner-Knip, Mholanzi aliyeishi Brussels na ambaye awali alisifika kwa kuchora mbwa, aligeukia paka, akawatengenezea chumba chenye kioo ili awatazame wakicheza.

Kinachoitwa utundu katika picha hizo ni uwindaji, kwa kuwa uzi unaokokotwa sakafuni humwamsha paka kama mkia wa panya. Madaktari wa mifugo hawaufurahii mchezo huo hata kidogo: ulimi wa paka una vijimiba vinavyoelekea kooni, hivyo uzi ukiisha kuingia kinywani ni vigumu kuutema, na ukimezwa waweza kuyakunja matumbo na kuyakata, hali ambayo mara nyingi hudai upasuaji.