Chakula, Majina na Matembezi ya Mji Mkongwe wa Unguja

Mgeni anayeongozwa katika Mji Mkongwe wa Unguja kwa madhumuni ya kuonja vyakula huanzia, aghalabu, Darajani na kuishia Forodhani baada ya magharibi. Majina ya vituo hivi viwili yamebeba historia nyingi kuliko maelezo yanayotolewa njiani. Darajani ni mahali palipokuwa na daraja la kuvukia mkono wa bahari uliotenga mji wa mawe na mitaa ya Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa, daraja likatoweka, jina likabaki. Forodhani, kwa upande wake, ni mahali pa forodha, ambapo shehena zilihesabiwa na kutozwa ushuru. Bustani yenyewe ni ya miaka ya 1930, ilipoanzishwa kwa ajili ya jubilei na kuitwa kwa jina la sherehe hiyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la forodha likarejea.

Kauli inayorudiwa sana katika matembezi haya ni kwamba chakula cha Zanzibar ni mchanganyiko wa tamaduni za Afrika, Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Kauli hiyo si ya uongo, ila ni hafifu, kwani haisemi nani alileta nini, lini, na kwa gharama ya nani. Urojo ni mfano mzuri. Ndani ya bakuli moja mna bajia na kachori, ambazo majina yake ni ya Kihindi, pamoja na viazi na vipande vya muhogo, mazao mawili yenye asili ya Amerika ya Kusini, na chatne ya nazi. Jina la mlo mzima, hata hivyo, halikukopwa kokote: limetokana na rojo, neno la Kiswahili la kitu kizito kama uji. Wapishi walichukua vya wageni wakavipa jina kwa kutazama hali ya mchuzi.

Asili ya neno na asili ya chakula ni mambo mawili, na hapa ndipo wengi hupotea. Pilau na biriani ni maneno yenye mizizi ya Kiajemi, lakini hilo halithibitishi kwamba vyakula hivyo vililetwa na Waajemi. Njia ya kupitia Bara Hindi inawezekana vilevile. Mahindi yana jina la India, ilhali ni zao la Amerika. Wali nao haukungoja mgeni wa karne ya 19: uchunguzi wa kiakiolojia kisiwani Pemba, huko Tumbe na Chwaka, umeonyesha jinsi uwele uliokuwa nafaka kuu ulivyoachia mpunga nafasi kuanzia takriban karne ya 11. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli na kitoweo cha kuku, nyama na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, malimau na pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe.

Pilipili hiyo yastahili kutuliwa kidogo. Haikuweza kuwa pilipili ya kuwasha inayotiwa leo katika urojo, kwa sababu jamii hiyo ya mimea haikujulikana nje ya Amerika kabla ya safari za Columbus. Tafsiri zinazoielewa hivyo zimeitanguliza kwa zaidi ya karne moja na nusu. Neno pilipili, ambalo linafanana na umbo la Kiajemi na la Kiarabu, lilikuwa la mmea wa Bara Hindi. Mmea wa Amerika ulipowasili ulilitwaa jina, na ule wa zamani ukalazimika kuongezewa sifa: pilipili manga.

Kutwaliwa kwa majina kunaendelea mbele ya macho ya watalii. Unga uliosukumwa ukawa mwembamba, ukajazwa nyama ya kusaga na yai, kisha ukakunjwa na kukaangwa, unauzwa Forodhani kwa jina la piza ya Zanzibar. Mombasa ndugu yake huitwa mkate wa mayai, na Uarabuni yuko mutabbaq. Jina la piza limerahisisha biashara, lakini limekata udugu huo. Mtalii huondoka akiamini ameonja kichekesho cha Kiitaliano.

Karafuu ndiyo iliyopotoshwa zaidi. Kisiwa huitwa cha viungo, na karafuu huelezwa kana kwamba ilipandwa kwa ajili ya vyungu vya Waswahili. Asili yake ni visiwa vya Maluku. Ilifika Unguja mapema katika karne ya 19, na kilimo chake kikapanuliwa chini ya Sayyid Said bin Sultan kwa ajili ya kuuzwa nje. Chembe chache tu ndizo ziingiazo katika pilau. Waliopalilia na kuchuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, na hata baada ya mkataba wa 1873 kufunga soko la watumwa, utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897. Kituo cha karafuu kisichotaja wachumaji hakijaeleza karafuu.

Wengi wa wazao wa watu hao walikaa Ng'ambo, na historia yao ya chakula ni ya muhogo kuliko ya biriani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele na unga vilipotolewa kwa mgawo na foleni zikawa ndefu, muhogo ulirudi hata katika nyumba zilizokuwa zimeudharau. Wazee waliokuwa watoto wakati huo bado wapo na wanasimulia. Aidha, wengi wa wanaokaanga na kuchoma Forodhani ni wanaume, ilhali ufundi wa mapishi ya nyumbani, pamoja na msamiati wake wa kukuna, kukamua tui na kupalia moto, umehifadhiwa na wanawake. Hao wako majumbani, nje ya njia ya matembezi.

Palipokuwa na mkono wa bahari leo pana barabara, iitwayo Benjamin Mkapa. Kuivuka kuelekea Ng'ambo ni hatua chache tu, lakini matembezi mengi hugeukia ukingoni, upande wa mji wa mawe.