Namna ya Kumtambua Kuku Mgeni

Mfugaji wa Lushoto, mkoani Tanga, anaponunua gulioni kuku asiyemfahamu, asitegemee rangi pekee, kwani kuku wa asili wana rangi nyingi. Kuchi hutambulika kwa urefu wake, mdomo mfupi uliopinda na upanga mdogo. Kishingo, asiye na manyoya shingoni, na kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja, ni maumbile ya kurithi yanayoweza kujitokeza katika aina mbalimbali. Kuroiler na Sasso hukua haraka, lakini huatamia kwa nadra. Hivyo anayetaka kuku wa kuangua vifaranga achague tetea wa asili. Awe wa aina yoyote, kuku mgeni atengwe wiki mbili, na ofisa mifugo aulizwe kuhusu chanjo ya mdondo (kideri).