Kwelea na Panya Shamba

Mkulima wa nafaka Tanzania ya kati huporwa na viumbe wawili wadogo. Kwelea domo-jekundu (Quelea quelea), ndege mwenye uzito wa gramu 15 hadi 20, huvamia mchana kwa makundi makubwa. Panya shamba (Mastomys natalensis), mzito kuliko yeye, hutoka usiku, na makazi yake ni humo humo shambani.

Tofauti yao kubwa inatokana na mvua. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu za nyasi zilizolala ardhini huchipua, na kwelea anayezitegemea hukosa chakula. Hapo huhama, akalipita eneo lenye mvua mpya, akatua ilikonyesha mapema na nyasi zimekwisha kuzaa. Huko madume hufuma viota kwa maelfu kwenye vichaka vya migunga. Jike hutaga mayai 3 hivi.

Panya hahami. Mvua ile ile humpa majani machanga, naye huanza kuzaa. Jike ana chuchu hadi 24, hubeba mimba siku 23 hivi, na mara nyingi huzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo. Utafiti wa miaka mingi huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, umeonyesha kuwa vuli ikinyesha sana, panya huwahi kuzaliana na huweza kufurika msimu unaofuata. Elimu hii ingepaswa kumfikia kila mkulima, kwa sababu humpa onyo miezi kadhaa kabla.

Panya hufukua mahindi yaliyopandwa hata kabla hayajaota. Kwelea hupendelea mtama, uwele, mpunga na ngano. Punje ya mahindi ni kubwa mno kwake. Anayetega panya peke yake hupata nafuu fupi, maana panya wa jirani huingia shambani kwake, hivyo kijiji kizima hakina budi kutega pamoja. Kwelea huamiwa tangu alfajiri, na makundi makubwa hunyunyiziwa sumu ya fenthioni kwa eropleni mahali wanapolala. Sumu hiyo huua pia ndege wasio na hatia, wakiwemo tai na mwewe wanaokula mizoga. Wilayani Kondoa watu huwatega kwelea na kuwala, njia inayostahili kuungwa mkono zaidi kuliko sumu, mradi wasitegwe palipopuliziwa dawa.