GESI YA KUNI: FUNZO LA SWEDEN

Jeshi lililoishiwa mafuta hurudi kutembea kwa miguu. Hatari hiyo iliikabili Sweden mwezi Aprili 1940, Ujerumani ilipozivamia Denmark na Norway. Sweden haikuwamo vitani. Hata hivyo njia ya bahari iliyoileta petroli yake kutoka magharibi ilifungwa. Nchi hiyo haikuwa na visima vya mafuta. Ilikuwa na misitu.

Ufundi wa kuyaendesha magari kwa kuni ulikuwa umekwisha kupatikana. Katika miaka ya 1920 mkemia wa Ufaransa, Georges Imbert, alibuni tanuri la kufungwa garini. Kuni ndani yake hunyimwa hewa ya kutosha, zikatoa moshi mzito wenye lami. Moshi huo huvutwa chini kupitia makaa yenye joto la zaidi ya digrii 1,000. Lami huvunjika, ikabaki gesi iwakayo ya kaboni monoksaidi na hidrojeni. Gesi huchujwa na kupozwa, ndipo iingie katika injini. Kilo tatu hivi za kuni kavu zilifanya kazi ya lita moja ya petroli.

Magari zaidi ya 70,000 ya Sweden yalitembea kwa njia hiyo. Ujerumani nayo ilikuwa na yapata nusu milioni vita vilipokwisha mwaka 1945. Lakini injini ilipoteza theluthi ya nguvu zake au zaidi, dereva alizoa majivu na kusafisha machujio kila mara, na kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, iliwaua watu katika vibanda vya magari.

Amani ilipokuja, petroli ilirudi na matanuri yakatupwa. Hata hivyo, baada ya mgogoro wa Suez wa mwaka 1956, serikali ya Sweden iliamuru ufundi huo uchunguzwe upya, uwe akiba ya taifa. Mwaka 2014 kiwanda cha GoBiGas, mjini Gothenburg, kilianza kugeuza miti kuwa gesi safi. Mitambo ilifanya kazi. Gharama ndizo zilizokishinda, kikafungwa mwaka 2018.

Nchi zisizo na pwani zinayo sababu ya kuitafakari habari hii. Mwezi Januari 2008, ghasia za Kenya zilipoikata njia itokayo Mombasa, Uganda na Rwanda zilipungukiwa mafuta mara moja. Tanuri, fundi na dereva aliyefunzwa haviwezi kupatikana siku ile ile barabara inapofungwa. Huandaliwa wakati petroli ingali tele, na watu wakiiona kazi hiyo kuwa ya bure. Akiba haiozi.