Kutoka Jahazi Hadi Kontena

Historia ya usafiri wa baharini ni pana, wala si nia yetu kuieleza yote hapa. Tunataka kutazama jambo moja tu: je, wataalamu walioiandika walielekeza macho yao wapi?

Hapo kwanza walitazama jahazi. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika chombo cha Kuwait kilichofuata pepo za msimu hadi Afrika Mashariki, na kitabu chake kikatoka mwaka 1940. Mwaka 1965 A.H.J. Prins wa Uholanzi akatoa utafiti wake juu ya mabaharia wa Lamu. Watu hawa waliandika yale waliyoyaona tangani na omoni.

Kisha macho yakahamia gatini. Mwaka 1970 John Iliffe aliandika historia ya makuli wa Dar es Salaam, na mwaka 1987 Frederick Cooper akatoa kitabu juu ya wenzao wa Mombasa, ambako mgomo mkubwa wa Januari 1947 ulisimamisha kazi za mji. Hoja ya Cooper yatuhusu sana sisi walimu wa lugha. Serikali ya kikoloni ilimwogopa mfanyakazi wa kutwa, aliyekuja gatini apendapo na kubaki nyumbani apendapo. Ikataka awe mwajiriwa wa kudumu, mwenye kujulikana na kuandikishwa. Mtu huyo wa kutwa ndiye kibarua, na jina lake latokana na ile barua ndogo, yaani cheti, ambacho siku zake za kazi zilitiwa alama. Neno moja limehifadhi ugomvi mzima.

Tena likaja kasha la chuma. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X ya Malcom McLean, Mmarekani aliyeanzia katika malori, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Kupakia mizigo ya kawaida kuligharimu karibu dola 6 kwa tani. Kwa makontena, takribani senti 16. Hapana shaka hesabu hiyo ndiyo iliyoshinda. Gati za zamani za London zilifungwa moja baada ya nyingine kati ya mwaka 1967 na 1981. Hata hivyo, ilimpasa msomaji wa kawaida kungoja hadi mwaka 2006, Marc Levinson alipotoa historia ya kasha hilo, ndipo apate kitabu kilicholieleza kwa ukamilifu. Labda ni kwa sababu kasha halina uso wala halisimulii hadithi.

Sisi tulio mbali na bahari tumelipokea kwa namna yetu. Kontena hufungwa kwa lakiri ng'ambo, hupita Mombasa bila kufunguliwa, na mara nyingi hufunguliwa Kampala. Likichakaa, hutobolewa mlango na dirisha likawa duka. Kwa hiyo mwanafunzi wetu alijua kontena tangu utotoni, lakini akikuta katika kitabu neno tishali, chombo kilichochukua shehena kutoka melini hadi pwani, hana budi kuuliza. Wazee waliofanya kazi ya kupakua magunia na marobota kwa mikono wangali wapo, na wachache miongoni mwao wamewahi kuulizwa walivyoyaita mambo ya kazi yao.