Samaki Huyu Alifika Nyeri Kabla ya Reli

Wasee, kabla mniambie tena kwamba watu wa Nyeri hawajui samaki, kaeni niwape stori.

Nilipanda treni ya Nanyuki, ile iliyorudi Desemba 2020 baada ya miaka mingi ya reli kuota nyasi. Matatu ingenifikisha haraka, lakini sikuwa na haraka. Mtu aliyeacha kampasi mwaka wa pili kwa sababu ya karo hana lecture ya kukimbilia. Treni inapita Thika, Murang'a, Sagana, Karatina, polepole mpaka unaona mama akichuma majani chai na unapata muda wa kujiuliza anawaza nini. Nilishukia Kiganjo. Nilikuwa nimeenda kuona samaki.

Anaitwa trauti. Ni wa ukoo mmoja na samoni, yule samaki ambaye jamii za pwani ya Alaska na British Columbia zimeishi naye maelfu ya miaka. Kule mtoto anazaliwa akijua msimu wa samaki kupanda mto. Huku kwetu huyu ni mgeni kabisa, na tunajua mwaka aliofika: 1905.

Aliyemleta ni Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyekuwa na jina kubwa kwa sababu ya safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, yapandwe kwa mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Hebu fikiria hiyo safari. Mayai yanataka baridi muda wote. Meli mpaka Mombasa, halafu treni. Na reli ya Nyeri haikuwepo bado, ingekuja miaka ya ishirini. Kwa hiyo kipande cha mwisho, kile kigumu cha mlima na msitu, kilikuwa cha miguu na mabega ya wapagazi. Jina la Grogan liko vitabuni. Ya wapagazi, nimetafuta, sijayaona.

Na huyu Grogan si mtu wa kusifia tu. Machi 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, aliongoza walowezi wenzake kuwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani. Alifungwa mwezi mmoja. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu alete samaki. Mtu yule yule aliyehangaika mayai yasife njiani.

Trauti akapenda Gura. Maji ni baridi, yanakimbia, yana hewa. Mwaka wa 1910 akaja binamu yake, trauti wa upinde wa mvua, kupitia Afrika Kusini. Asili yake ni pwani za kaskazini za Pasifiki, huko huko kwa samoni. Baadaye mito ya Mlima Kenya pia ikapandwa: Sagana, Thego, Nanyuki. Walowezi wakawa wanakuja na fimbo zao na ndoano zilizofungwa manyoya zifanane na inzi. Unasimama mtoni asubuhi nzima, hauna haraka. Siku hizi watu wa intaneti wanaita hiyo kusafiri polepole, kana kwamba imevumbuliwa juzi.

Lakini angalia nani alikuwa anaruhusiwa hiyo polepole. Kuanzia mwaka wa 1920 hivi, mwanaume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, mara nyingi kikining'inia shingoni, popote aendapo. Trauti alipanda na kushuka mto bila kuulizwa kitu.

Halafu 1952. Wakoloni walikuwa wamempa Princess Elizabeth nyumba ya mapumziko kando ya mto Sagana kama zawadi ya harusi. Ni hapo, tarehe 6 Februari, baada ya kulala Treetops, alipoambiwa baba yake amefariki na sasa yeye ni malkia. Oktoba mwaka huo huo hali ya hatari ikatangazwa. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikafungwa, na ukionekana ndani unapigwa risasi. Mito ya kuvulia kwa raha ikawa mito ya kunywa usiku kwa wapiganaji. Watu zaidi ya milioni moja wakasukumwa kwenye vijiji vya kulazimishwa. Cucu wangu alikuwa mmoja wao, bado msichana.

Cucu huniita "mume wangu" kwa sababu nimepewa jina la guka. Nilipomwonyesha picha za mabwawa ya Kiganjo, kile kituo cha kuzalisha trauti kilichojengwa 1948, akaniambia, "Mume wangu, hiyo nyoka ya maji usiingize kwa jiko yangu." Wakikuyu wa zamani hawakula samaki, hiyo mnaijua. Nikamuuliza kama alishawahi kuona wakivua. Akasema, "Sisi tulikuwa tunaenda mtoni kuchota maji. Nani alikuwa na muda wa kusimama?"

Hilo jibu halijanitoka.

Leo trauti ni wetu. Wakenya ndio wanafanya kazi Kiganjo, Wakenya ndio wanaofuga, na karibu na Nanyuki kuna mkahawa juu ya mugumo ambapo unaletewa trauti kwenye sahani. Mugumo, wasee! Mti wa maombi. Sikujua nicheke au nivue kofia.

Lakini kitu kimoja kinanisumbua. Trauti hawezi kudanganya. Maji yakipungua na kupata joto, anakufa. Msitu ukikatwa juu, barafu ya mlima ikizidi kuisha, na kila shamba likiweka paipu lake, samaki ndiye wa kwanza kusema. Na maji hayo hayaishii hapa: Gura na Sagana zinaingia Tana, na Tana inaenda mpaka Bahari ya Hindi. Upande wa pili, watu wa Laikipia na chini zaidi tayari wanagombania Ewaso Ng'iro.

Kwa hiyo simpendi trauti kwa sababu ya Grogan wala malkia. Nampenda kwa sababu ni shahidi. Siku mtaambiwa ameisha Gura, msiseme ni samaki wa wazungu. Ni maji ya cucu.

Nendeni mkaone. Pandeni kitu cha polepole. Na mkifika mtoni, simameni kidogo kwa niaba ya wale ambao hawakuwa na muda.